Kufuga Pitibuli Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya katika miaka ambayo majirani, wazazi na vijana wanaotaka kununua mbwa wamekuwa wakinisimamisha njiani, kuanzia Raskazone hadi Makorora, kuniuliza kama pitibuli ni mbwa wa kuogopwa. Baadhi yao walikuwa wameona video za mashambulizi kwenye simu, na wengine walikuwa wameshatanguliza fedha za mtoto wa mbwa kutoka Dar es Salaam au Arusha kabla ya kumuuliza mtu yeyote lolote. Aliyefika hapa kwa sababu yeye au mtoto wake ameng'atwa leo asianze na mengine. Aende moja kwa moja kwenye swali la jeraha, karibu na mwisho.

Pitibuli ni mbwa gani hasa?

Jina hilo halitaji mbegu moja. Kuna American Pit Bull Terrier, ambaye chama cha United Kennel Club cha Marekani kimekuwa kikimwandikisha tangu mwaka 1898. Kuna American Staffordshire Terrier, aliyetambuliwa na American Kennel Club mwaka 1936. Kuna Staffordshire Bull Terrier wa Uingereza, mfupi, mwenye uzito wa kilo 11 hadi 17, aliyetambuliwa huko kwao mwaka 1935. Siku hizi watu humwongeza American Bully, ambaye wale wakubwa kabisa, waitwao XL, huweza kupita kilo 50. Dume la American Pit Bull Terrier lenyewe, kwa viwango vya chama chake, huwa na kilo 16 hadi 27 tu, yaani ni jepesi kuliko German Shepherd wengi tunaowaona nyuma ya mageti ya mji huu.

Nayasema haya mwanzoni kwa sababu muuzaji wa hapa kwetu huita pitibuli kila mbwa mwenye kichwa kipana na masikio yaliyokatwa, na mnunuzi hulipa bei ya jina. Ukibishana kuhusu hatari ya pitibuli, hakikisha kwanza kwamba wewe na mwenzako mnamzungumzia mbwa yuleyule.

Je, ni kweli kwamba anazaliwa mkali?

Jibu langu ni refu, kwa sababu pande zote mbili za mabishano haya hupenda kulifupisha. Wazazi wa asili wa mbwa hawa walizalishwa Uingereza kwa ajili ya mchezo wa kumfunga fahali kamba na kuwaachia mbwa wamng'ang'anie puani mbele ya umati. Bunge la huko liliupiga marufuku mchezo huo mwaka 1835, na wacheza kamari wakahamia kupambanisha mbwa kwa mbwa ndani ya mashimo, kwa kuwa pambano la shimoni ni rahisi kulificha kuliko la fahali. Jina la pitibuli limebeba mambo hayo mawili, shimo na fahali. Mbwa aliyechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa kutokuachia, kwa kustahimili maumivu na kwa kuwahi kuwavaa wenzake hawezi kuwa hakurithi chochote, na mfugaji anayekwambia kwamba yote ni malezi hakwambii kweli yote.

Hata hivyo, kumvaa mnyama si sawa na kumvaa binadamu, na urithi wa mbegu si hukumu ya mbwa mmoja mmoja. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliochukua maelezo ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kupima vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000, na watafiti wakakuta kwamba mbegu inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Ukijua mbegu, umejua rangi, kimo na umbo. Tabia bado hujaijua. Mwaka 2007, mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani, Michael Vick, alipokiri kosa la kuendesha mapigano ya mbwa, mbwa karibu 50 waliotolewa kwake walichunguzwa mmoja mmoja badala ya kuuawa wote, na wengi wao wakaishia kwenye nyumba za watu na vituo vya hifadhi. Hao ni mbwa waliokuwa wamekusanywa kwa ajili ya mapigano, wala hawakuwa wote wakali kwa watu.

Takwimu za mashambulizi zinasema nini?

Zinasema mambo ambayo kila upande huyakata katikati ukachukua kipande chake. Utafiti unaotajwa sana na wanaotaka marufuku ni ule uliochapishwa Marekani mwaka 2000, uliohesabu vifo 238 vya watu walioshambuliwa na mbwa kati ya mwaka 1979 na 1998. Mbwa wa aina ya pitibuli na Rottweiler walihusika katika zaidi ya nusu ya vifo hivyo. Kinachosahauliwa ni kwamba mbegu zisizopungua 25 kwa jumla zilikuwamo kwenye orodha, na kwamba waandishi wenyewe walitahadharisha dhidi ya kutunga sheria kwa kutazama mbegu peke yake, kwa kuwa hakuna aliyejua ni mbwa wangapi wa kila mbegu waliokuwa wakifugwa nchini humo.

Utafiti wa pili, wa mwaka 2013, ulichunguza vifo 256 vya kati ya mwaka 2000 na 2009, na huu ningependa kila mzazi wa Tanga aujue. Katika asilimia 87 ya vifo hivyo hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kuingilia kati. Katika asilimia 85 aliyekufa hakuwa na mazoea na mbwa yule. Katika asilimia 84 mbwa hakuwa amehasiwa. Katika asilimia 76 mbwa alikuwa akiishi kwa kutengwa, nje ya maisha ya kila siku ya familia. Mambo manne au zaidi ya namna hiyo yalikutana katika asilimia 80 ya vifo vyote, ilhali mbegu ya mbwa iliweza kuthibitishwa kwa uhakika katika visa visivyofika hata kimoja kati ya vitano.

Upande wa pili nao una hoja nzito, na sitaificha. Madaktari wa upasuaji wa San Antonio, Texas, walichapisha mwaka 2011 kumbukumbu za majeruhi 228 wa mbwa waliowatibu kwa miaka 15. Mbegu ilikuwa imeandikwa kwa majeruhi 82 tu, na 29 kati yao walikuwa wameng'atwa na pitibuli. Hao ndio waliokuwa na majeraha mabaya zaidi, gharama kubwa zaidi na hatari kubwa zaidi ya kufa. Mtu anaweza kusema idadi hiyo ni ndogo, na ni kweli. Lakini mbwa mwenye kifua kile na shingo ile, aliyezalishwa asiachie, akiuma haumi kama kijibwa cha kibarazani.

Kwa hiyo mimi nashika mambo mawili kwa pamoja, na siyaoni yakigongana: uwezekano wa mbwa kumng'ata mtu unategemea zaidi anavyoishi kuliko mbegu yake, na uzito wa jeraha atakalotoa unategemea sana nguvu na namna ya uumaji wake. Anayemchagua pitibuli amechagua mbwa ambaye kosa dogo la mwenye mbwa litalipiwa kwa gharama kubwa, na mara nyingi mlipaji si yeye, ni mtoto wa jirani.

Je, ni kweli taya zake hujifunga zenyewe?

Si kweli. Mifupa na misuli ya taya zake imejengwa kama ya mbwa wengine. Kinachomtofautisha ni ung'ang'anizi: anaposhika, huenda akagoma kuachia kwa sababu hataki.

Kwa nini nchi nyingine zimempiga marufuku, na zimepata faida gani?

Uingereza ilipitisha mwaka 1991 sheria iliyowataja pitibuli, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Miaka iliyofuata idadi ya waliolazwa hospitalini kwa kung'atwa na mbwa iliendelea kupanda, maana waliong'ata walikuwa mbwa wa kila aina. Kisha akazuka American Bully XL, ambaye hakuwamo kwenye orodha, na baada ya vifo kadhaa serikali ikazuia kumuuza na kumzalisha kuanzia Desemba 31, 2023, na kuanzia Februari 1, 2024 ikawa kosa katika Uingereza na Wales kummiliki bila cheti maalumu. Jiji la Denver lilimpiga marufuku mwaka 1989, na wapiga kura wakaiondoa marufuku hiyo mwaka 2020 na kuweka utaratibu wa vibali. Uholanzi nayo iliachana na marufuku yake mwaka 2008. Karibu zaidi na sisi, Afrika Kusini mwishoni mwa mwaka 2022 ilikumbwa na vifo vya watoto vilivyofuatana, watu zaidi ya 100,000 wakatia saini ombi la kupiga marufuku pitibuli, na wenye mbwa wengi wakawasalimisha kwa hofu.

Mimi siungi mkono marufuku ya mbegu. Anayetaka mbwa wa kutisha akinyimwa mbegu hii atatafuta nyingine, na historia ya Uingereza imeonyesha hivyo. Naunga mkono kibali kinachomtazama mfugaji na uzio wake.

Hapa Tanga, wanaong'ata watu ni pitibuli?

Niliowaona kwa macho yangu, walio wengi si pitibuli. Ni mbwa wa kienyeji wanaozurura, na ni mbwa wa ulinzi wanaofungwa mchana kutwa na kufunguliwa usiku.

Niliitwa kwenye nyumba moja Makorora baada ya mtoto wa miaka saba kung'atwa mkononi, mtaa mzima ukisema ni pitibuli. Nilimkuta mbwa wa kahawia, chotara wa kienyeji mwenye kichwa kipana kidogo, amefungwa chini ya mwembe kwa mnyororo wa hatua mbili. Pale alipoweza kufika, kucha zake zilikuwa zimekwangua ardhi ikawa duara tupu, na nje ya duara hilo majani yalikuwa yamestawi kama kawaida. Sufuria yake ya maji ilikuwa imepinduka na kubiringika shibiri moja nje ya mstari, mahali ambapo aliiona asiweze kuifikia. Chini ya mkanda wa shingo manyoya yalikuwa yamenyonyoka na ngozi ilikuwa mbichi. Mpira wa mtoto, wa makaratasi na kamba, ulikuwa bado umo ndani ya duara. Getini paliandikwa kwa rangi nyekundu MBWA MKALI, na mwenye nyumba, mtu mpole na mcha Mungu, alinieleza kwa dhati kabisa kwamba alinunuliwa mkali tangu mdogo.

Tunayo mazoea ya kuwatengeneza mbwa wakali kwa mikono yetu. Wapo wanaowalisha pilipili, wanaowapa bangi, wanaowafungia gizani wasimwone mtu, wakiamini kwamba hivyo ndivyo mlinzi anavyopatikana. Kinachopatikana ni mnyama mwenye hofu anayeuma chochote kinachosogea. Saa ambayo mbwa huyo yuko huru ni ileile ambayo wazee wetu wanatoka kwa miguu kwenda kuswali alfajiri, wakiwa na kanzu na tochi ya simu, katika mitaa ambayo uzio wake ni makuti au michongoma. Mfumo huo ni mbaya kwa mbwa wa kienyeji wa kilo 15. Ukimweka pitibuli ndani yake, ni msiba unaosubiri geti lisahauliwe.

Anaweza kuishi na watoto?

Nilifuga jike la pitibuli kwa miaka tisa. Watoto wangu walijifunza kutembea wakimshika mgongo, na usiku alilala kwenye mkeka mbele ya mlango wa chumba chao. Sikumwona hata siku moja akimnyanyulia mtoto mdomo.

Mbwa huyohuyo alimuua mbuzi wa jirani yangu. Muuza maji aliingiza mkokoteni, geti likabaki wazi kwa muda wa kushusha madumu mawili, na mbuzi alikuwa akipita na kamba yake shingoni. Jike langu halikubweka. Nilipofika lilikuwa limemshika kooni na kutulia, macho yamenitazama kama linalosubiri sifa. Nililimwagia maji, nikalivuta mkanda, nikaliita kwa jina, na halikuachia hadi mbuzi alipolegea. Jirani yangu, mama mtu mzima, hakupiga kelele. Alikaa chini mchangani, akamwekea mbuzi mkono tumboni, kwa sababu alikuwa na mimba. Nilimlipa thamani ya mbuzi na ya mtoto wake, nikajenga geti la pili ndani ya lile la kwanza. Hadi leo sijaweza kumwambia mtu kwamba pitibuli hana hatari, na sijaweza kumwambia pia kwamba hawezi kupendana na watoto.

Kanuni ninayoishika ni moja: mtoto wa chini ya miaka kumi haachwi peke yake na mbwa yeyote, hata dakika ya kwenda kuzima jiko, na mbwa hasogelewi anapokula, anaponyonyesha au anapolala.

Nataka mlinzi wa nyumba. Nimnunue?

Hapana. Mbwa wa ulinzi kazi yake ni kubweka mapema ili uamke na mwizi ageuze njia, na kazi hiyo mbwa wa kienyeji aliyelishwa vizuri na kuzoea familia huifanya kwa gharama ndogo.

Dini inasemaje?

Swali hili huulizwa sana hapa pwani, na la hukumu nawaachia masheikh. Ninachojua ni kile tulichofundishwa chuoni: katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea kwetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hadithi zimeruhusu mbwa wa kuwindia, wa mifugo na wa shamba, na kumfuga pasipo haja kumekemewa. Ipo pia hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Ninaloliongeza mimi ni haki ya jirani. Mbwa wako akimgusa kwa mate mtu aliyetia udhu, umemtia katika taabu hata kama mbwa alikuwa akicheza tu, na mbwa mwenye nguvu za pitibuli humrukia mtu kwa furaha kama anavyomrukia kwa hasira.

Nimeamua kufuga. Niandae nini?

Anza na ukuta, si mbwa. Ukuta wa matofali unaozidi kimo cha mtu, usio na tundu chini, na mageti mawili yanayofuatana, ili lile la ndani liwe limefungwa kila la nje linapofunguka. Ukishindwa hayo, usiendelee.

Mtoto wa mbwa asitoke kwa mama yake kabla ya wiki ya nane, na umwone mama huyo kwa macho yako: akiwa anafichwa au anakuungurumia bila kutulia, rudi nyumbani. Kati ya wiki ya tatu na takriban ya 14 akili ya mbwa iko wazi kuliko itakavyokuwa tena maishani, na hapo ndipo udongo uwahiwe ungali maji. Azoee bodaboda, adhana, baibui, kanzu, wazee wenye bakora, watoto wanaokimbia, kuku na mbuzi, kila kimoja kwa utulivu na kwa kupewa kipande cha dagaa. Muulize daktari wa mifugo ni umri gani ufaao kumhasi. Akikua, asitoke nje bila mkanda, kamba imara na mtu mzima anayeweza kumzuia, na kama hana mazoea na mbwa wengine azoeshwe kuvaa kifungio cha mdomo chenye nafasi ya kuhema. Chanjo ya kichaa cha mbwa irudiwe kwa ratiba ya daktari na kadi itunzwe.

Usimpige. Mbwa aliyezalishwa kustahimili maumivu hatafundishika kwa maumivu.

Anastahimili joto la Tanga?

Ndiyo, akipata kivuli na maji. Asitembezwe wakati wa jua kali, na kupe watazamwe kila siku.

Akimdhuru mtu, nani anawajibika?

Wewe mwenye mbwa. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inamhesabia kosa mtu anayeshindwa kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye naye, na mwathirika anaweza pia kudai fidia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakuwajibisha kwa upande mwingine, kwa namna unavyomtunza. Bango la MBWA MKALI halikuondolei wajibu. Linathibitisha kwamba ulijua.

Mtu ameng'atwa. Tufanye nini sasa hivi?

Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, mkitazama saa. Msipake mafuta ya taa, kitunguu wala majivu. Nendeni siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya au Hospitali ya Bombo, hata kama jeraha ni mkwaruzo na hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa amechanjwa. Sindano za chanjo zikamilishwe zote kwa ratiba. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, mgonjwa haponi, na ndiyo maana hakuna kusubiri kuona itakuwaje.

Mbwa asiuawe na kutupwa. Afungiwe mahali salama, afisa mifugo ajulishwe, na atazamwe kwa siku 10, kwa kuwa mbwa aliyekuwa na virusi mateni alipong'ata atakuwa ameugua au amekufa ndani ya siku hizo.

Ninaye tayari, na simuwezi tena. Nifanyeje?

Umefanya vyema kulisema. Usimwachie barabarani usiku, wala usimpe mlinzi wa ghala ili tatizo lihamie kwake. Mwite daktari wa mifugo amchunguze kwanza, maana mbwa aliyebadilika ghafla mara nyingi ana maumivu ya sikio, jino au nyonga. Kama hajawahi kumng'ata mtu, mtafutie mfugaji mwenye ukuta na uzoefu, umweleze kila kitu, pamoja na mambo yanayokuaibisha. Kama amemjeruhi mtu vibaya na daktari akaona kwamba hawezi kuwekwa salama, basi amlaze kwa sindano, nawe ukae naye mpaka mwisho, umemshika kichwa, kwa kuwa sauti yako ndiyo anayoijua.